Ugonjwa Usio na Sindano: Historia Fupi ya Ngozi Inayowasha Katavi

Ukitaka kujua Waswahili wameishi vipi na ngozi zao, fungua kamusi. Utakuta harara, ile inayowatoka watoto wakati wa joto. Utakuta choa, punye, mba na upele. Utakuta surua na tetekuwanga, halafu yale majina yaliyokuwa yakinyamazisha baraza zima: ndui, buba, ukoma. Aliyeyatunga majina haya alikuwa amekaa karibu sana na ngozi za wenzake, na alijua kabisa kwamba kila kinachowasha si kitu kimoja.

Katika orodha hiyo nimekuwa nikiyafuatilia majina mawili ya hali moja. La kwanza ni ukurutu, neno la kamusi, ambalo nyumbani kwetu Mpanda husikii likitajwa mara nyingi. La pili ni pumu ya ngozi. Hili ndilo utakalolisikia kwenye foleni ya zahanati, redioni, na kwa mama aliyembeba mtoto mwenye mikunjo ya viwiko na magoti iliyochubuka. Ni ngozi kavu, inayowasha hasa usiku, inayotulia mwezi mmoja na kurudi mwezi unaofuata. Haiambukizi. Na hapa ndipo penye kisa chote: haina dawa ya kuimaliza mara moja.

Tuna methali isemayo upele humwota asiye na kucha. Kwa methali hiyo kucha ndiyo nafuu, na mwenye bahati mbaya ni yule asiyeweza kujikuna. Kwa pumu ya ngozi mambo ni kinyume chake. Ukijikuna ngozi inachanika, ikichanika inavimba, ikivimba inawasha zaidi, nawe unajikuna tena. Kucha ndiyo inayoulisha ugonjwa. Mababu walikuwa sahihi kuhusu upele, lakini huu ni mnyama mwingine.

Jina hili la pumu ya ngozi nalipenda kwa sababu linasema jambo ambalo madaktari wa nchi kubwa walichukua muda kulisema. Wagiriki waliita hali hii ekzema, kwa maana ya kitu kinachochemka na kufurika, kama uji uliosahauliwa jikoni. Waliangalia juu ya ngozi wakaona mapovu. Mwaka 1923 madaktari wawili wa Marekani, Arthur Coca na Robert Cooke, walitafuta neno la kuunganisha magonjwa yaliyokuwa yakitembea pamoja katika familia moja: huyu ana pumu, yule anapiga chafya kila msimu wa maua. Walipewa neno la Kigiriki, atopia, lenye maana ya kitu kisicho na mahali pake, kitu cha ajabu. Mwaka 1933 Fred Wise na Marion Sulzberger wakaliweka neno hilo mbele ya jina la ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo Kizungu kina "mchemko" na kina "usio na mahali". Sisi tuna pumu ya ngozi, na mama yeyote akilisikia jina hilo anaelewa kwamba hiki kinachomsumbua mwanawe mkononi ni ndugu wa kile kinachomsumbua shangazi yake kifuani.

Sisemi kwamba jina hili halina kasoro. Pumu ni jamaa wa kupumua, na nimewasikia akina mama wakisema ngozi ya mtoto "inakosa hewa", kwa hiyo eti isipakwe kitu, iachwe ipumue. Hapo jina linapotosha. Ngozi ya namna hii haihitaji kuachwa wazi. Inahitaji kufunikwa. Nitarudi kwenye jambo hilo tukifika kwa nyuki.

Kwanza tuiangalie nchi yenyewe. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, lakini ardhi yake ni ya zamani: misitu ya miombo ya Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, inayoteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mvua huanza mwezi wa 11 hivi na kukatika mwezi wa 4 au wa 5. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi, mchana upepo mkavu, vumbi jekundu linakaa kwenye nyusi. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, miguu ya watoto inapauka hadi unaweza kuandika juu yake kwa kijiti. Kwa mwenye ngozi ya kawaida hiyo ni kero ya msimu tu. Kwa mwenye pumu ya ngozi ndiyo miezi ya kukosa usingizi.

Sasa, kwa nini watu wa nchi kavu namna hii, walioijua hali hii vizuri, wakiingia zahanati leo swali lao la kwanza ni "hakuna sindano yake?" Jibu lipo kwenye historia ya buba.

Buba ulikuwa ugonjwa wa bakteria ulioshambulia ngozi za watoto hasa, ukawaachia wengine mifupa iliyoharibika. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuutibu Tanganyika kwa sindano za bismathi. Watu walimiminika. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Halafu ikaja penisilini, ambayo ilikuwa kama muujiza: sindano moja, mara moja, basi. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50, na buba ikapungua kwa kiasi cha asilimia 95. Ni moja ya kazi kubwa kabisa za tiba katika karne ile.

Huku magharibi mwa Tanganyika sindano ilikuwa na historia yake nyingine pia, ya malale. Watu waliokuwa wametawanyika misituni walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja ili watenganishwe na mbung'o, wakapimwa, wakadungwa. Huko kuhamishwa kulikuwa kwa amri, wala si kwa kuombwa. Lakini kuhusu sindano yenyewe kumbukumbu iliyobaki ni ya heshima. Bibi yangu mzaa mama, Mkonongo wa upande wa Inyonga, alikuwa akisema "nimechomwa" kwa sauti ileile anayoitumia mtu kusema "nimesoma".

Ushindi wa buba ulituachia afya, na ulituachia fundisho: ugonjwa wa ngozi ni kitu kinachomalizwa. Dawa zilizokaa kwenye rafu za zahanati zetu ziliendeleza fundisho hilo. Ile ya maji meupe ya upele inaua wadudu wanaochimba ngozi. Mafuta ya Whitfield yanaua fangasi. Ile rangi ya zambarau tunayoiita GV, iliyotupeleka shule tukiwa na mabaka kama bendera, inaua vijidudu vya kidonda. Zote ni dawa za kuua. Pumu ya ngozi haina mdudu wa kuuawa, kwa hiyo ilikosa dawa yake kwenye rafu. Mara nyingi ilipewa dawa ya jirani: mtoto mwenye ukurutu akapakwa dawa ya upele, ngozi ikaungua, mama akarudi nyumbani akisema hospitali wameshindwa.

Hospitali hazikushindwa zote, wala tiba si sindano peke yake. Hapa Katavi tunaye mtu wa kutukumbusha hilo. Karema, pembeni mwa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers. Mwaka 1889 akafika pale Adrien Atiman. Alizaliwa huko inakoitwa Mali leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa na wamisionari huko Algeria ili awekwe huru, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu. Akaja Karema akiwa tabibu na katekista, akaoa hapo, akazaa hapo. Mwanawe Joseph alipata upadre. Atiman alitibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Ukitoa hesabu ni miaka 67 mahali pamoja. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na simulizi hiyo ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Namtaja Atiman kwa sababu ya hiyo miaka 67. Gari la kampeni linakuja, linachoma, linaondoka. Kwa buba hilo linatosha. Lakini tabibu aliyemwona mtu akiwa mtoto, akamwona akiwa mzazi, kisha akamwona mjukuu wake, anaelewa kwamba yapo magonjwa ambayo kazi yake ni kuyasindikiza. Pumu ya ngozi inamtaka mtu wa kukaa. Na kwa sababu watabibu wa kukaa walikuwa wachache, kazi hiyo waliifanya mama na bibi, kwa vitu vilivyokuwa karibu.

Kilichokuwa karibu kuliko vyote huku kwetu ni nta.

Ukanda wa Inyonga na Mlele ni nchi ya nyuki tangu zamani. Warina asali walitundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti ya miombo, wakaishi kambini wiki nyingi. Asali ililiwa, ikapikiwa pombe, ikauzwa. Masega yaliyobaki yalichemshwa kwenye maji: takataka zinazama, nta inaelea, ikipoa inaganda kama sahani ya manjano. Nta haichachi wala haimwagiki, ndiyo maana ilisafiri mbali. Tangu zama za Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje kutoka Tanganyika. Baadaye tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kuja Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi, lakini reli haichagui mzigo.

Nta ya dunia ilikuwa ikienda wapi? Kwenye mishumaa, kwenye rangi ya viatu, na kwenye krimu za ngozi. Galen, daktari wa zama za Warumi katika karne ya 2, ndiye anayetajwa kuwa baba wa krimu: nta iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, ikakorogwa na maji. Madawa mengi ya kupaka yametengenezwa juu ya msingi huo hadi leo. Yaani, huenda kopo lililokuja na treni likauzwa dukani Mpanda lilikuwa na jasho la nyuki wa misitu kama hii hii yetu, na sisi tukalipokea kama kitu cha ugenini.

Bibi hakumjua Galen. Alichukua kipande cha nta ukubwa wa kidole gumba, akakiyeyusha taratibu ndani ya mafuta, akaacha kipoe, akaweka kwenye kikopo. Mafuta yalitegemea mwaka: nyonyo, au mise, yaani yale ya kokwa za michikichi yanayotoka pande za ziwani na Kigoma. Alimpaka mjomba wangu wa mwisho, aliyekuwa na ngozi hiyo, kila jioni akitoka kuoga, kabla mwili haujakauka. Mama alimuuliza kwa nini asingoje akauke. Bibi akamjibu, "Mwanangu, chungu huzibwa kikiwa na maji ndani."

Sayansi imekuja kumuunga mkono kwa njia yake. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu wana hitilafu katika protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuijenga ngozi ya juu. Kwa watu wenye asili ya Afrika hitilafu hiyo hiyo hupatikana mara chache zaidi, lakini matokeo yanafanana: ukuta unavuja. Fikiria nyumba ya tofali za kuchoma ambayo udongo wa katikati ya tofali umemomonyoka. Maji ya ndani yanatoka, vumbi na vijidudu vya nje vinaingia. Mafuta mazito na nta ni lipu. Hayaponyi ukuta, ila yanauziba, na kila siku yanahitaji kupigwa upya.

Lakini hapa tusidanganyane kwamba kila cha asili ni cha upole. Ndimu ni ya asili, inaunguza. Majivu ni ya asili, na yanaitoa ngozi mafuta kama yanavyoyatoa kwenye sufuria. Mwarobaini umepewa jina la kutibu maradhi 40, na ahadi hiyo inawafanya watu wachemshe majani mengi hadi maji yawe machungu kama nyongo, kisha wamwogeshe mtoto mwenye vidonda. Asali tupu inanata, inaita siafu. Hata mafuta hayalingani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa Bangladesh kwa watoto njiti, ulionyesha kwamba kupakwa mafuta ya alizeti kuliwapunguzia maambukizi. Mwaka 2013 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yanaudhoofisha ukuta wa ngozi huku ya alizeti yakiutunza. Alizeti inalimwa hapa hapa. Zeituni tunaiagiza kwa bei ya kuumiza.

Mwaka 1952, wakati kampeni ya penisilini inaanza, Sulzberger yule yule wa mwaka 1933, pamoja na Victor Witten, alitangaza kwamba haidrokotizoni ya kupaka inatuliza ukurutu. Hii ilikuwa dawa ya kweli, na bado ni ya kweli: ikipakwa kidogo, kwa siku chache, kwa maelekezo ya mtaalamu, inauzima moto ambao mafuta peke yake hayauwezi. Kuikataa kwa sababu "si ya asili" ni kumtesa mtoto bure.

Tatizo ni ndugu zake wenye nguvu zaidi, waliojificha kwenye makopo ya kujichubua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini vinaingia. Mdogo wangu anaishi Makanyagio, na mtoto wake wa pili ana pumu ya ngozi. Kuna mwaka muuzaji mmoja wa vipodozi alimuuzia kikopo kisicho na lebo, akamwambia, "Dada, hii inamaliza kabisa." Siku ya tatu mtoto alikuwa laini kama yai. Mdogo wangu alinipigia simu akilia kwa furaha. Baada ya miezi miwili ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na kila akiacha kupaka moto unarudi mkubwa kuliko wa mwanzo. Mhudumu wa afya aliyekiona kile kikopo alitikisa kichwa tu, akaanza kumwelekeza namna ya kuiacha bila kumuumiza mtoto zaidi. Ilichukua karibu mwaka.

Ukiniuliza ni nini kilichouza kile kikopo, nitakuambia ni neno "inamaliza". Buba ndiyo iliyotufundisha kuliamini.

Kuna mambo ya kutia moyo. Tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kinachofundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, wanaorudi kwenye wilaya zao wakiijua ngozi nyeusi. Hilo si dogo. Vitabu vya zamani vilisema ukurutu ni "wekundu", na vikaweka picha ya ngozi nyeupe. Kwetu wekundu huo hauonekani vizuri. Unaona weusi uliozidi, au kijivu, au vipele vidogo vigumu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi. Fikiria, karibu karne nzima baada ya neno atopia, ndipo mwanafunzi anagundua kwamba picha zinakosekana.

Siku hizi mdogo wangu ana utaratibu. Mtoto anaoga maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa muda mfupi. Sabuni ya mche imebaki kwenye nguo. Akitoka majini anafutwa kwa kugusagusa, anapakwa mafuta mazito ndani ya dakika chache, kucha zinakatwa kila Jumapili, sweta la sufi halimgusi. Dawa ya hospitali ipo kwenye kabati kwa siku za moto. Akiona usaha, homa, au malengelenge yanayosambaa haraka, hangoji kesho; anaenda hospitali usiku huo huo.

Majirani bado wanamuuliza, "Hivi huyu mtoto atapona lini?" Ni swali la haki, na wengi huwa wanatulia kadiri wanavyokua. Lakini naona Kiswahili chetu kinatubana hapo: kupona au kutopona, basi. Tunalo neno jingine, kutunza, ambalo tumeliachia shamba, mifugo na wazee. Mrina asali halimalizi shamba la nyuki. Anakwenda msituni, anafyeka chini ya mti kabla ya moto wa kiangazi, anakagua mzinga, anarudi mwaka unaofuata. Hakuna anayemuuliza atamaliza lini.

Mwezi wa 6 huo unakuja, upepo umeshaanza kukauka. Mdogo wangu ameniagiza nta kutoka Inyonga, kilo moja, na amesisitiza iwe imechujwa vizuri.